Namna ya Kubadili Kontroboksi Bila Kujua Gari Linaumwa Nini

Karibu, mdogo wangu, vuta hilo tairi ukae. Nimesikia umefungua kibanda cha rewaya hapa Tunduma, upande wa barabara ya Sumbawanga. Una bisibisi tatu, testa moja na bango lenye picha ya gari ambalo halijawahi kukanyaga mkoa wa Songwe. Mtaji unatosha. Zimebaki siri za kazi, na kwa kuwa nimeshaota mvi na sikuonei tena wivu, nitakupa ile yenye faida kuliko zote: namna ya kubadili kontroboksi ya bodi kwenye pikapu ya mteja bila kujua tatizo ni nini, na bado mtaa mzima ukakuita fundi.

Kwanza ujue ni mdudu gani, maana utaulizwa. Zamani ukibonyeza swichi ya taa, umeme ulitoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi na rilei, ukafika kwenye balbu. Mtu mwenye testa na subira aliufuata njia nzima. Siku hizi swichi haiwashi kitu. Swichi inaomba. Ombi linakwenda kwenye boksi lililojificha chini ya dashibodi, na boksi ndilo linaloamua kama indiketa iwake, waipa zitembee, vioo vishuke, honi ilie, milango ijifunge. Injini ina kontroboksi yake nyingine, na haya mawili huzungumza kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja kama mkia wa panya, mtindo ambao kampuni ya Bosch iliuonyesha hadharani mwaka 1986. Kwa hiyo kontroboksi ya bodi ni kama mtendaji wa kijiji. Hana ng'ombe wala shamba, lakini bila mhuri wake hakuna barua inayotembea. Na kama alivyo mtendaji, kila kinachoharibika kijijini ni yeye.

Hapo ndipo riziki yako ilipo.

1. Mpime mteja, gari liache

Pikapu ikiingia, usiangalie pikapu. Angalia anayeshuka. Wakala wa forodha atashuka na simu mbili na haraka. Mnunuzi wa kahawa kutoka Mbozi atashuka na daftari kwapani. Mwenye malori atashuka taratibu, kwa sababu pikapu ni gari lake la kwendea kwenye nyama choma. Wote watatu wana udhaifu mmoja: hakuna anayetaka gari lake liwe na ugonjwa mdogo. Mtu aliyetoa mamilioni akanunua dabo kebini hawezi kukaa na wenzake jioni akasema ilisimamishwa na fyuzi ya shilingi mia tano. Anataka ugonjwa wenye hadhi, kama presha. "Kontroboksi" ni presha ya gari. Ukilitamka tu, utaona mabega yanapanda.

Mimi nililijifunza hili kwa hasara. Kuna mteja mmoja nilimwambia ukweli: bosi, ni waya wa athi umelegea, nimeukaza, nipe elfu tano ya maji. Akanitazama kama mtu aliyetapeliwa. Alitoa ile elfu tano kwa shingo upande, akaenda kwa fundi mwingine akahakikishe. Yule hakuwa mjinga kama mimi. Akamtoza laki nne na nusu kwa kuigusa kontroboksi. Mteja alirudi kibandani kwangu kunisimulia, na alikuwa anatabasamu.

Toka siku hiyo sikumwambia mtu ukweli wa chini ya laki moja.

2. Usipime chochote

Hapa vijana wengi wanaanguka. Wana ile mita ndogo ya njano na mikono inawawasha kuitumia. Jizuie. Mita ina tabia mbaya ya kujibu.

Ukipima betri, kwa mfano, utagundua mambo ambayo hukutaka kuyajua. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6. Ikishuka sana, kontroboksi inaweza kuweweseka kama mgonjwa wa malaria: indiketa zinawaka zenyewe, sentro loki inafunga na kufungua, honi inalia saa nane za usiku mpaka mbwa wa Mpemba wanaitikia. Sasa ukishajua ni betri utauza betri, na faida ya betri unaijua.

Usipime athi. Nakueleza inavyopimwa ili uikwepe vizuri. Mtu mwenye roho mbaya huwasha taa kubwa, akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye mguu wa athi wa kontroboksi. Ikisoma karibu na sifuri, njia ni safi. Ikisoma nusu volti au zaidi, umeme unakosa njia ya kurudi nyumbani, unatangatanga kwenye nyaya za wenzake, na ndiyo maana ukikanyaga breki waipa zinacheka. Dawa yake ni spana namba 10, msasa kidogo na dakika tano. Dakika tano! Utamtoza mtu nini kwa dakika tano?

Usiinue kapeti upande wa dereva wala wa abiria. Ukiinua utakuta maji. Hii ni barabara ya malori, mdogo wangu. Kuanzia Mlowo mpaka hapa mpakani, kila lori linalobeba shaba kutoka Kongo au kupeleka mzigo huko linarusha kokoto, na kila pikapu ya mkoa huu ina kioo cha mbele ama kilichopasuka ama kilichobadilishwa. Kilichobadilishwa kimebandikwa silikoni ya bafuni. Mvua ikinyesha, maji yanapita kwenye kona ya kioo, yanatambaa nyuma ya dashibodi na kudondoka kwenye soketi za kontroboksi, tone, tone, tone. Ukizichomoa zile soketi utakuta miguu imeota ukijani kama sarafu ya kale. Spiriti na mswaki wa zamani vinausafisha. Basi usizichomoe, kwa sababu ukishaona ukijani utalazimika kuwa na msimamo.

Tena usiulize swali hili: "Bosi, kuna mtu amewahi kufunga GPS au alamu kwenye hii gari?" Atasema ndiyo. Wote wanasema ndiyo. Kila mwenye gari hapa hamwamini dereva wake, kwa hiyo kila gari limefungwa kijidude kwa kuchubua waya wa kiwandani na kuupachika mwingine kwa tepu. Nusu ya kontroboksi zinazosemwa zimekufa zimenyongwa na ile tepu.

3. Toa hukumu kwa mashine

Hukumu isiyo na mashine ni maoni tu. Nunua kile kidude kidogo cha bei chee kinachochomekwa kwenye soketi ya matundu kumi na sita chini ya usukani na kuzungumza na simu yako. Chomeka, washa ufunguo, kunja uso. Subiri. Usiseme lolote kwa dakika mbili hata kama majibu yameshatoka. Kisha mgeuzie mteja simu aone mwenyewe: U0140.

Namba hiyo ni zawadi kutoka kwa wahandisi. Maana yake kamili ni kwamba mawasiliano na kontroboksi ya bodi yamepotea. Haisemi kontroboksi imekufa. Inasema hatuisikii. Ni sawa na kumpigia mtu simu ukaambiwa hapatikani kwa sasa: huenda yuko kwenye basi pale Senjele hakuna mtandao, huenda chaji imeisha, huenda hataki tu kuongea na wewe. Watu wenye adabu hupiga tena, au huuliza jirani. Wewe chimba kaburi.

Wapo wabishi ambao wangekatisha hapo wakachomoa betri na kupima zile nyaya mbili zilizosokotwa, kati ya tundu la 6 na tundu la 14. Kwenye magari mengi, omu 60 maana yake njia ni nzima, na omu 120 maana yake upande mmoja umekatika, kwa hiyo lawama ianzie kwenye waya, boksi lisubiri. Wabishi hao nawajua. Bado wanapanda bajaji.

Mteja akikuuliza imeuawa na nini, sema "umeme ulipanda." Usiongeze neno. Kule Marengi, Mbozi, kuna kimondo cha chuma cha tani zaidi ya kumi, na shimo la kuanguka kwake halionekani. Watu wanatoka mbali kuja kukitazama, wanapiga picha, wanarudi wameridhika. Kitu kizito kisicho na maelezo kina wateja wake.

4. Tafuta nyingine

Mpya kabisa kutoka kwa wakala usiitaje, itamwamsha mteja usingizini. Tunazungumzia ya mtumba. Una njia tatu.

Ya kwanza ni Dar es Salaam. Pigia kijana wa Kariakoo au Gerezani, mtumie picha, naye atakujibu "ipo" kabla picha haijafunguka. Usiku huo huo anaipakia kwenye basi, inakuja zaidi ya kilomita 900 chini ya kiti cha kondakta, imefungwa ndani ya mfuko wa unga, na asubuhi unaipokea stendi ikiwa na joto la injini. Mteja akiiona imetoka Dar anaiheshimu. Mwite aje aipokee na wewe.

Ya pili ni ng'ambo, Nakonde. Usiidharau. Pikapu nyingi za Zambia zimetengenezwa Afrika Kusini, Hilux kule Durban na Ranger kule Pretoria, na zina usukani kulia kama zetu. Tangu marais wa nchi mbili wazindue kituo cha pamoja mwaka 2019, mtu anagongewa mihuri ya nchi zote mbili mahali pamoja. Lakini fundi wa Tunduma haanzi na mihuri. Anaanza na rafiki mwenye baiskeli. Nakushauri ulipie ushuru. Nimesema nakushauri, na mashahidi wamesikia.

Ya tatu ni madereva wanaotoka Lubumbashi na Kolwezi. Watakuletea boksi zuri, safi, kwa bei ya mahindi ya kuchoma. Huenda litakuwa limetoka kwenye gari la usukani wa kushoto, kwa sababu Kongo wanaendesha upande wa kulia wa barabara. Ukilifunga, dereva akibonyeza kioo chake, anaweza kushtukia kinashuka cha abiria. Usihuzunike. Mwambie hiyo ni ya kisasa.

Kuhusu namba iliyo kwenye stika ya boksi: watu wa vitabu watakwambia ifanane mpaka herufi ya mwisho, kwamba herufi moja inaweza kuwa tofauti ya gari lenye vioo vya umeme na lenye vioo vya kuzungusha kwa mkono. Sisi tunatazama rangi ya soketi. Ikiingia, imefanana.

5. Ng'oa

Hapa pafupi. Chomoa hasi ya betri kwanza, usubiri robo saa umeme uliolala ndani uishe. Hilo lifanye kweli, hata katika mwongozo huu, kwa sababu nyaya za begi la hewa la usukani zinapita jirani na sipendi nikuchangie rambirambi. Piga picha za soketi kabla ya kuzichomoa. Vile vishikizo vya plastiki vya dashibodi vitakatika vitatu. Vina kazi hiyo tu. Skrubu mbili zitabaki mkononi. Zitie kwenye kopo pamoja na ndugu zake.

Ile kontroboksi ya zamani usiitupe wala usimpe mteja. Ifunge kwenye kitambaa, uiweke juu. Akiulizia, mwambie inarudishwa Dar.

6. Gari likikataa kuwaka

Litakataa.

Hii ndiyo sehemu ambayo waongo wengine hawakuambii. Umefunga kila kitu, umekaza, umerudisha betri, mteja amesimama na mikono kiunoni, unazungusha ufunguo. Taa nyekundu yenye picha ya kufuli inakonyeza kwenye dashibodi. Injini kimya. Majirani wanasogea.

Kinachotokea ni hiki. Kwenye aina nyingi za pikapu, kichwa cha ufunguo kina chipu, na chipu hiyo inajulikana na kontroboksi ya bodi, nayo ina neno la siri na kontroboksi ya injini. Sasa umeleta mgeni. Mgeni huyu kichwani ana namba ya chesisi ya gari lingine, herufi na tarakimu 17 za pikapu iliyokufa pengine Kitwe, na bado anaamini yuko kule. Anasubiri ufunguo wake. Wa kwako haumjui. Injini inamuuliza neno la siri, anajibu la Kitwe. Injini inanyamaza, na ina haki.

Kuna njia mbili za kutoka. Moja ni kulifunga gari kamba ulivute mpaka Mbeya kwa fundi wa laptopu. Ni kilomita mia na ushee, na katikati kuna mteremko wa mlima Senjele. Injini isipowaka, breki hazina msaada, zinakuwa ngumu kama kukanyaga kinu, na nyuma yako kuna lori la tani thelathini linalokuja na imani. Nimewahi kuvuta gari pale. Tangu siku hiyo nasali swala zote.

Njia ya pili ni kumleta yeye. Atapanda Kosta asubuhi, atashuka saa nne akiwa na begi mgongoni na viatu vyeupe. Hana tone la oili kwenye kucha. Hatakusalimia vizuri. Mlipie nauli, mnunulie wali na samaki, mwite "injinia" mbele ya mteja na "dogo" akishaondoka. Atafanya mambo matatu: atamwandikia mgeni namba ya chesisi ya gari hili, atamfundisha funguo zilizopo, zote, na ule wa akiba ulioachwa nyumbani kwa mama watoto, halafu atamweleza gari lina nini na halina nini, kwamba taa za ukungu zipo, vioo vya umeme viko vinne, usukani uko kulia. Wakati wote huo betri isishuke. Washa gari lingine pembeni, liunganishe kwa nyaya za kubusti, kwa sababu umeme ukiyumba katikati ya maandishi, boksi linabaki nusu kitabu, na hapo umelinunua wewe.

Akimaliza, gari litawaka. Watu watapiga makofi. Wewe ndiye uinamishe kichwa kidogo kama mtu aliyezoea. Yule wa viatu vyeupe anajua aliyefanya kazi ni nani, lakini ana basi la kuwahi.

Bei igawe hivi: boksi, usafiri, injinia, na "kufungua mfumo." Hiyo ya mwisho ndiyo yako. Hakuna anayejua ni nini. Weka laki moja na nusu.

7. Kabidhi gari kiangazi

Osha gari. Nasema tena, osha gari, ndani na nje, na utie ile dawa ya kung'arisha matairi. Mteja akiingia kwenye gari linalonukia, akabonyeza kioo kikashuka, akagusa indiketa ikalia tik, tik, ataona hata injini imekuwa nyepesi. Atakuambia mwenyewe: "Fundi, mpaka ulaji wa mafuta umepungua." Kubali.

Lakini angalia kalenda. Mvua za kwetu zinaanza karibu na Novemba na kuaga Aprili. Kontroboksi iliyofungwa Juni, jua kali, vumbi tu, itafanya kazi bila kasoro kwa miezi mitano na jina lako litafika mpaka Vwawa. Kontroboksi hiyo hiyo ukiifunga Januari, utaonana na mteja keshokutwa. Kwa hiyo gari likija wakati wa mvua, sema spea imechelewa njiani. Kosa la spea kuchelewa halijawahi kumvunjia fundi heshima. Waranti mpe ya miezi mitatu, kwa mdomo, na uiseme ukiwa umeshika kitasa cha mlango.

8. Likirudi

Kuna siku litarudi. Mimi lilinirudia Desemba, jioni, manyunyu yakiwa yanaanza, dabo kebini ya mnunuzi wa kahawa niliyoibadilishia kontroboksi Juni. Niliisikia kabla sijaiona, kwa sababu honi ilikuwa inalia yenyewe kuanzia kwenye mizani. Waipa zilikuwa zinakwenda bila kuambiwa. Mzee mwenyewe alishusha mguu mmoja tu, akabaki amekaa, akasema kwa sauti ya chini: "Fundi. Ile ya Dar."

Siku kama hiyo usitetemeke. Anza na orodha. Amewekea mafuta wapi? Nani ameliosha kwa pampu ya presha? Mtoto alichaji simu humo? Dereva mpya ni wa nani? Kila swali ni hatua moja mbali na wewe. Kisha mwambie mfumo unahitaji kulala usiku mmoja kibandani ili usomeke, umwitie bodaboda, umlipie.

Akishaondoka, funga mlango, washa tochi ya simu, na sasa, kwa kuwa hakuna anayekuona, pima.

Nilipima. Betri ilikuwa nzima. Niliinua kapeti, nikakamua maji ya kutosha kuchemshia chai. Kona ya kioo cha mbele, juu upande wa kushoto, silikoni ilikuwa imebanduka kidole kizima. Soketi ya chini ilikuwa kijani. Na pale athi inapofungwa kwenye chuma cha bodi, nyuma ya ubao wa pembeni miguuni, nati ilikuwa imefunguliwa na aliyefunga GPS, akapachika waya wake juu ya rangi, akairudisha kwa vidole. Niliizungusha kwa vidole vilevile ikazunguka.

Spana namba 10. Msasa. Spiriti na mswaki wangu wa zamani. Kioo nilikibandua ile kona, nikaikausha kwa pasi ya mkaa ya mke wangu, nikaiziba kwa gundi halali ya vioo. Ilinichukua saa mbili pamoja na kunywa chai. Saa tano usiku niliimwagia pikapu ndoo nne za maji. Haikulia. Niliwasha taa kubwa nikapima athi, mita ikasoma sifuri nukta sifuri tatu, nikakaa nikaitazama ile namba muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Asubuhi mzee alikuja. Nilimwambia nimeuboresha mfumo. Alinipa elfu hamsini na mkungu wa ndizi, na mpaka leo ananiletea watu. Mvua tatu zimepita, gari halijarudi na tatizo hilo.

Basi, chai yako inapoa. Kitu cha mwisho kabla hujaondoka. Ile kontroboksi niliyoing'oa Juni bado ninayo, ipo kwenye boksi la viatu pale juu ya rafu, nyuma ya redio. Niliisafisha miguu na kuijaribu juzi kwenye gari lake lenyewe, yule mzee alipolileta kubadili balbu. Ni nzima, haijawahi kuharibika hata siku moja. Ukipata mteja mwenye pikapu ya aina hiyo, nipigie kabla hujapiga Kariakoo.